Bustani Tumboni mwa Sabuni

Niliweka sikio langu ubavuni mwa Sabuni, upande wa kulia, kwenye kile kibonde kilicho kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Upande wa kushoto wa ng'ombe husikii kitu zaidi ya tumbo kubwa likinguruma kama gunia la mahindi linaloburutwa sakafuni. Upande wa kulia ni mtulivu. Maji yanapita, yanasimama, yanapita tena.

"Anasemaje leo?" Nakiete aliuliza. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu wake wa kushoto ameunyoosha mbele, umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo.

"Hasemi kitu."

"Hata alipokuwa hai mumeo hakuwa msemaji. Ulitegemea nini, ahutubie?"

Nilicheka nikiwa bado nimeegemea ngozi ya ng'ombe. Wengine wote waliokuja kunipa pole walinong'ona, lakini Nakiete ni mtani wa ukoo wa mume wangu, Mbonea, na mtani hanong'oni. Siku ya mazishi alikalia rundo la udongo wa kaburi akasema Mbonea hashushwi mpaka akiri kwamba alikuwa anamwibia kete kwenye bao. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilimshukuru kimoyomoyo, kwa sababu tangu asubuhi ile nilikuwa sijapumua vizuri.

Mbonea alifariki wakati wa masika, kwa homa ya mapafu, wiki chache kabla ya siku aliyopangiwa kupandikizwa kongosho jipya la kumtibu kisukari. Kongosho lenyewe lilikuwa tayari. Lilikuwa ndani ya Sabuni. Madaktari walimkwangua Mbonea ngozi kidogo begani, seli zake wakazifundisha kuwa seli za kongosho, wakazifunga kwenye kifuko chembamba kuliko ganda la kitunguu ili mwili wa ng'ombe usizitambue, kisha wakakishona kifuko kwenye utando wa mafuta unaofunika matumbo. Kituo cha mifugo kilikiita bustani, nasi tukakiita hivyo hivyo. Mwenye bustani alizikwa, bustani ikaendelea kukua.

Sabuni alikuwa wa Mbonea, lakini tangu akiwa mtamba aliishi kwa Nakiete, ng'ambo ya shamba letu la tangawizi. Huku kwetu milimani mtu hufurahi zaidi ng'ombe wake akiwa zizini kwa mwingine. Mlishaji anakata majani, anakunywa maziwa, anachukua samadi. Ndama huenda kwa zamu: mmoja wa mwenye ng'ombe, anayefuata wa mlishaji. Na tumbo la ng'ombe aliyewekwa halifunguliwi, awe hai au amekufa, bila mlishaji kushika kamba.

Kwa hiyo kila asubuhi nilivuka shamba kwenda kwa Nakiete. Nilimkatia majani, maana yeye mguu haukumruhusu tena kushuka bondeni. Baada ya hapo nilisikiliza, tukanywa chai, nikarudi. Sikuwa na huzuni saa zile. Nitasema kweli, nilikuwa mtu aliyeridhika.

*

Daktari Mshana wa kituo cha mifugo alikuja siku ya jua kali, pamoja na shemeji yangu Elinami, mdogo wa marehemu. Daktari alikuwa msichana mrefu mwenye mikono mirefu, na Nakiete alimwambia palepale kwamba Mungu alimwumba kwa ajili ya kuingia matumboni mwa ng'ombe. Elinami alivua kofia mlangoni mwa zizi.

"Bado hujafa?" alimwuliza Nakiete.

"Nakusubiri utangulie ukanifagilie."

"Kwa mguu huo utanipita tu."

"Nikupite, mimi? Siruki foleni. Wakubwa kwanza, na kwa upara huo mkubwa ni wewe."

Daktari alitandika blanketi la picha mgongoni mwa Sabuni, likaning'inia pande zote mbili, na juu ya kitambaa chake tukaona ndani. Nilikuwa nimeshaona mara nyingi, lakini safari hii Daktari aliangalia mara mbili. Alilivuta blanketi mbele, akalirudisha nyuma, akapangusa uso wa kitambaa kwa kiwiko.

"Bustani haipo tulipoipanda," alisema. "Imehama."

"Mmea unahamaje?" Elinami aliuliza.

Daktari alichukua glavu mpya, akaipuliza hewa kidogo, akaifunga. Akaweka ngumi juu yake na kuisukuma taratibu mpaka ngumi ikazama, ikafunikwa na mpira pande zote isipokuwa kwenye kifundo cha mkono.

"Ngumi yangu iko ndani ya glavu?"

"Iko ndani," nilisema.

"Haiko, mama. Angalieni. Hewa ya glavu bado imefungwa, ngumi haikuigusa. Imefunikwa tu. Tumbo la mnyama liko hivi. Kuna mfuko mmoja wa utando mwororo. Upande wake mmoja umeambaa ukutani mwa tumbo, upande wa pili umevishwa kila kitu: ini, matumbo, kizazi. Katikati hakuna nafasi, kuna vijiko vichache vya maji, ili hiki kiteleze juu ya kile bila kukwaruzana. Sasa, sehemu moja ya utando huo imelegea na kujaa mafuta, imekaa kama shuka mbele ya matumbo. Shuka hii haikai mahali pamoja. Ikisikia kidonda, inakwenda kukifunika. Hakuna anayeituma."

"Kwa hiyo kuna kidonda," alisema Nakiete.

"Kuna kitu. Mafuta yamekizingira, picha haikioni. Lakini ninachokiona ni hiki." Alionyesha kivuli kirefu kilichoning'inia kama ulimi. "Hii ni bustani. Upande mmoja umeshika mahali, upande huu wa pili uko huru na unazidi kurefuka. Utumbo mwembamba ukijizungusha hapa, ng'ombe atakufa kwa maumivu ambayo sitaki muyaone. Lazima nimfungue tumbo."

Nilijua siku hiyo itakuja, lakini nilikuwa nimeiweka mbali sana.

"Vizuri," alisema Elinami. "Ikitoka, tutaichukua. Nimeshaacha nafasi pembeni ya kaburi. Kwetu mtu hazikwi nusu nusu."

Daktari alikuwa anakunja blanketi lake. Alilikunja mara ya kwanza, halafu akasimama.

"Sheria inaruhusu pia jambo lingine," alisema bila kumtazama mtu. "Kile kifuko kinachozificha seli kwa ng'ombe, kinaweza kuzificha kwa mtu yeyote. Mke wa marehemu na mmoja wa ukoo wakisema ndiyo kwa sauti, anaweza kupewa mgonjwa mwingine."

Hakumtaja mgonjwa. Zizini mle mwenye kisukari alikuwa mmoja tu. Seli za Nakiete zilipandwa mara mbili kwa ng'ombe wa kituo, na mara zote mbili zilikufa kabla ya kushika. Kidonda cha mguu wake kilikuwa hakifungi. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuona ukungu, na daktari wa watu alikuwa amemwambia atakatwa mguu mwaka huohuo, na baada ya mguu hakumwahidi kitu.

Nakiete alikuwa anamkuna Sabuni chini ya kidevu. "Mmesikia, ng'ombe wangu atapasuliwa," alisema, "na hakuna aliyemwuliza yeye kama amekula."

*

Jioni ile nilibaki kwa Nakiete nikamsaidia kuosha kidonda.

"Unaitaka?" nilimwuliza.

"Usiniulize mimi. Mimi ni mgonjwa. Ukiniuliza nitasema ndiyo hata kama ni kitu cha wizi. Muulize mtu mwenye afya."

"Nani sasa?"

"Wewe. Una afya ya punda."

Nilifunga bandeji. Nilitaka kumwambia kwamba mtu ninayetaka kumwuliza ndiye hayupo. Mbonea alikubali kukwanguliwa ngozi kwa ajili yake mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza zaidi ya hapo, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa. Miaka yote ya ndoa yetu alinikataza kumtolea neno lake mbele za watu, hata kama ni kusema kwamba atafika harusini. "Nitajisemea," alikuwa akisema. Ni mara ngapi nilimkasirikia kwa hilo! Na sasa nilitakiwa kutoa neno lake kubwa kuliko yote.

Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine nilimficha Nakiete, ingawa nadhani aliijua. Sikutaka itoke. Sikutaka iende kaburini wala kwa mtu. Nilitaka ibaki palepale, na mimi nivuke shamba kila asubuhi mpaka nizeeke.

Nilipomaliza nilimpigia Elinami simu, nikamwambia nakubali tuizike. Ilikuwa njia ambayo hakuna ndugu angenilaumu kwayo. Nakiete alinisikia nikisema. Alinimiminia chai, akanipa kikombe kile kisicho na ufa, akaanza kunisimulia habari za jogoo wake.

*

Sabuni alipasuliwa akiwa amesimama, saa za asubuhi, jua likiwa limeshaingia zizini. Ng'ombe halazwi kwa kazi hii. Daktari alinyoa manyoya ubavuni, akaosha mara tatu, akachoma sindano za ganzi kando ya uti wa mgongo. Nakiete alikaa kwenye ndoo yake mbele ya kichwa cha ng'ombe, kamba mkononi, akimpa majani ya viazi vitamu jani moja moja. Elinami alisimama kando yangu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika kitambaa cheupe kipya, amekikunja vizuri. Kwa kitambaa kile ndipo nilipoona kwamba naye alikuwa bado hajalia vya kutosha.

Ngozi ilifunguka. Chini yake misuli ilikuwa tabaka tatu, kila moja nyuzi zake zikielekea njia yake. Halafu ukabaki utando peke yake, mweupe, unang'aa kama ndani ya yai lililochemshwa unapomenya ganda.

"Sikilizeni," alisema Daktari, akautoboa.

Hewa iliingia kwa sauti ya kuvuta, kama mtu aliyeshtushwa. Sabuni alisimamisha kutafuna. Kisha akaendelea.

"Hapo ndipo panapouma kuliko popote, pale ukutani," Daktari alisema, mkono wake ukizama mpaka kwenye kiwiko, kisha mpaka begani. "Matumbo yenyewe ukiyagusa hajali. Haya... Hii ni figo. Huu utumbo. Shuka... shuka imevutwa mbele yote. Kama mtu wa upande wa pili wa kitanda amejifunika peke yake."

Nilitazama chini.

Alipapasa muda mrefu, shavu lake limebanwa ubavuni mwa ng'ombe pale nilipozoea kuweka langu. Macho alikuwa ameyafumba, maana kule alikuwa anaona kwa vidole.

"Nimekipata," alisema hatimaye. "Ni waya. Umetoboa tumbo la nne, lile la huku chini kulia, ncha imetokeza nje. Umetoka wapi waya kwenye majani?"

"Ile ndege ya mizigo isiyo na rubani, iliyoanguka bondeni," alisema Nakiete. "Iliyomwaga tangawizi ya watu. Tuliokota, lakini nani anaokota kila uzi?"

"Basi hii bustani ndiyo iliyoziba tundu. Shuka imeibeba mpaka huku, ikaibandika juu ya waya. Imeshikana na ukuta wa tumbo kabisa, imekuwa nyama moja. Kama si hii, uchafu ungemwagika na mngekuwa mmemzika Sabuni tangu masika." Alivuta pumzi. "Waya naweza kuuvuta kwa ndani ya mafuta, tundu litabaki limezibwa. Lakini sikilizeni vizuri. Siwezi kuitoa bustani yote. Nikibandua upande ulioshika, natoboa tumbo upya, na mahali hapa mkono mmoja hauwezi kushona. Naweza kukata upande ulio huru tu, huu unaoning'inia. Ulioshika hauna hatari, hauendi popote tena."

"Yaani ibaki nusu," alisema Elinami.

"Nusu ndani, nusu nje. Au niitoe yote, na ng'ombe afe. Na hii nusu ya nje, mniambie inakwenda wapi. Kama ni kaburini, naikata na kuiweka kwenye bakuli. Kama ni kwa mtu, nisiiache hata dakika ipigwe hewa, iingie kwenye chupa yake sasa hivi."

Elinami alikifungua kitambaa chake, akakikunja tena. "Kaka yangu hawezi kuwa pande tatu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji, tulikubaliana. Azikwe mzima. Ng'ombe nitanunua mwingine."

"Huyu ni wa kwangu kumlisha," alisema Nakiete. Hakuinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile aongee bila utani. "Kamba ninayo mimi, na sijasema afe. Hiyo nyingine fanyeni mnavyotaka. Mimi sisemi."

Walinitazama wote, hata Daktari alifungua macho. Na mimi niliona jambo ambalo lilinipita usiku na mchana tangu msiba. Nilikuwa nikijiuliza Mbonea angesema nini, nami nikijibu kwamba siwezi kujua. Lakini kule ndani ya ng'ombe, mahali ambapo hakuna aliyeomba ruhusa wala aliyetoa, kile kipande chake kilikuwa kimekwenda kwenye kidonda cha mwingine, kikakaa. Sikusema kwamba ni yeye aliyechagua. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba shuka haitumwi na mtu. Niliona tu kwamba neno lake sikuwa nalo na sitakuwa nalo kamwe, kwa hiyo nilichobaki nacho ni neno langu. Nalo lilikuwa langu kweli, na lawama yake ingekuwa yangu.

"Mimi, Rahaeli, mke wa Mbonea," nilisema kwa sauti, kama sheria inavyotaka, "nakubali upande ulio huru apewe Nakiete. Na ulioshika ubaki."

"Mke wa mtani wangu," alisema Nakiete, "umeambiwa useme, si upige kelele. Unamtisha ng'ombe." Lakini jani lililofuata la ng'ombe alilisahau mkononi.

Ilibaki sauti ya ukoo. Elinami alikuwa amesimama wima, macho kwenye lile tundu jeusi ubavuni mwa Sabuni.

"Ndama wake wa mwisho alikwenda kwa nani?" aliuliza.

"Alikwenda kwenu," nilisema. "Mbonea alimchukua mwaka juzi."

"Na kabla ya huyo?"

"Wangu," alisema Nakiete. "Dume. Ulimla wewe kwenye kipaimara cha binti yako, ukalalamika ni mgumu."

Elinami alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepiga hesabu ambayo jibu lake anaogopa. Niliyajua mambo yake. Hakuna mtu mlimani kwetu anayeshika zamu za ng'ombe kama yeye. Aliwahi kurudisha ndama usiku wa mvua kwa sababu aligundua haikuwa zamu yake.

"Basi hakuna la kujadili," alisema. "Kinachotoka tumboni mwa Sabuni kikiwa hai safari hii ni cha mlishaji. Kinachobaki, kimebaki ndani ya ng'ombe wa Mbonea, na ng'ombe wa Mbonea yuko kwa Mbonea. Hajagawanywa mtu." Alijikohoza. "Mimi, Elinami, wa ukoo wake, nakubali. Daktari, kata."

Sidhani alikuwa anaamini kwamba kongosho ni ndama. Nadhani alihitaji mlango wa kupitia, na ule ndio aliokuwa na ufunguo wake.

Daktari alitoa waya kwanza, mwembamba, wenye kutu, mrefu kama kidole. Halafu ikatoka bustani. Nilitegemea kitu cha kutisha. Ilikuwa kipande cha rangi ya waridi iliyofifia, laini, chenye mishipa midogo kama jani, nacho kilitoa mvuke kidogo kwenye baridi ya asubuhi. Nilikiona kwa muda wa kupepesa macho, kisha kikaingia kwenye chupa.

Elinami alibaki na kitambaa chake cheupe. Hakujua afanye nacho nini. Mwishowe alikwenda mbele ya ng'ombe akampa Nakiete kitambaa, mwenyewe akajipangusa machozi kwa mkono wa koti.

"Mume wa mtu ndani ya tumbo langu," Nakiete alisema akipenga kamasi kwenye kitambaa kile. "Rahaeli, tumekuwa wake wenza. Jua kabisa mimi sipiki."

*

Sabuni alipona haraka. Ng'ombe wana matumbo yenye subira. Nakiete alichukua muda zaidi. Walimfungua kwa tundu dogo chini ya kitovu, wakashona kile kipande kwenye shuka yake mwenyewe, kisha tukasubiri. Alilalamikia chakula cha hospitali, wauguzi, na mwanamke wa kitanda cha pili aliyekuwa anakoroma. Halafu siku moja aliniambia kidonda cha mguu kinamwasha, na daktari wa watu alipokifungua akakuta kimeanza kufunga pembeni, ngozi mpya, nyembamba, inang'aa.

Tulimaliza matanga ya Mbonea baada ya kung'oa tangawizi. Watu walijaa uani. Ukoo ulikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wazee mbele, kisha ndugu wa kuzaliwa na marehemu kwenye mkeka wao. Watani walikuwa upande wa jikoni kama kawaida yao, wakiiba nyama na kutangaza kwamba marehemu aliacha mke mzuri na nani anamtaka. Nakiete alikuwa katikati yao, anatembea bila fimbo, sauti yake juu ya sauti zote.

Elinami alisimama. Nilidhani anataka kuomba sala. Badala yake alielekea jikoni, akamshika Nakiete mkono mbele ya watu, akamleta mpaka kwenye mkeka wa ndugu wa marehemu. Akawasogeza dada zake wawili. Pakapatikana nafasi.

"Kaa hapa," alisema.

Nakiete alitazama mkeka, akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliona hana la kusema, na nilimwonea huruma. Kisha akalipata.

"Nikikaa na ndugu, nani atawatukana?"

"Utatutukana ukiwa umekaa," alisema Elinami.

Akakaa. Alichukua nafasi kubwa, akamwambia dada wa kwanza asogeze matako yake ya urithi, na watu wakaangua kicheko. Nilikwenda kumletea chai.